Kuku Mgeni na Kamba Yake

Huku Ndalu, Tongaren, kuku wapya hawaji kwa mpango. Unaenda kumtembelea shangazi kule Naitiri, mnakula, mnazungumza ya ukoo, na jioni unapoaga anakukimbilia langoni na mtetea kwapani: "Nenda naye, akazae kwako." Huwezi kukataa. Kwetu Wabukusu kuku ni heshima inayotembea kwa miguu miwili, na anayekataa kuku amemkataa aliyempa. Wengine hutoka kwenye arusi, wengine kwenye mazungumzo ya mahari, na wawili watatu mama amewaona sokoni wakiuzwa kwa bei nzuri akashindwa kuwapita. Kabla ya giza kuingia wote wamesukumwa bandani pamoja na wenyeji, mlango ukafungwa, na mwenye mji akalala akiwa na furaha ya kuongezewa mali.

Nami nimelala na furaha hiyo. Ilikuwa mwezi wa Januari, karo za shule zinatafutwa kila nyumba, na kuku sokoni walikuwa rahisi ajabu. Nilinunua mitetea wawili wazuri, manyoya yanang'aa, nikawaleta nyumbani kwa boda boda. Siku ya tano mmoja wao alisimama pembeni, mabawa yamelegea kama mtu aliyejifunika blanketi. Siku ya nane wenyeji walianza kuhara kijani. Kuku ishirini na watatu niliokuwa nao walipungua hadi wanne kabla ya mwezi kwisha, na hao wanne mmoja alibaki na shingo iliyopinda, akawa anatazama mbinguni kila anapotaka kudonoa chini.

Ndiyo maana mtu anaponiuliza jinsi ya kumwingiza kuku mgeni bandani bila kupigwa na wenyeji, mimi huanza mbali na swali lake. Kupigana kwa kuku kunaonekana na kunasikika, na kwa kawaida huisha kwenyewe. Ugonjwa huingia kimya. Mgeni anapofika, mlinde mwenyeji kwanza, halafu ndipo umlinde mgeni. Kazi hiyo yote inachukua kama mwezi mmoja, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Turudi kwenye ile bei rahisi ya Januari. Karo ni sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba miezi ya kiangazi na upepo, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo miezi ambayo ugonjwa wa Newcastle huwa mkali katika sehemu nyingi za nchi yetu. Huu ndio ambao Watanzania huuita mdondo au kideri. Jina la Newcastle limetokana na mji wa Uingereza ambako ulitambuliwa mwaka wa 1926. Kuku wakianza kufa upande mmoja wa kijiji, watu wa upande ule mwingine huwakimbiza kuku wao sokoni kabla hawajafikiwa. Siwalaumu sana, maana kuku ni benki ya mwenye shida, na hakuna anayeiacha benki yake iteketee akitazama. Lakini mnunuzi ajue anachokiona. Virusi vya Newcastle vinaweza kukaa ndani ya kuku siku mbili hadi siku kumi na tano kabla ya dalili kutokea, mara nyingi tano au sita. Katika siku hizo anakula, anakunywa, anapendeza macho. Tenga moja sokoni hubeba kuku wa nyumba kumi, na wote wanapumuliana tangu alfajiri.

Kuna na wale wasioonyesha dalili kabisa. Kuku aliyeugua mafua akapona, au aliyepona homa ya matumbo ya kuku, anaweza kubaki na viini maisha yake yote huku yeye mwenyewe akiwa mzima. Uchovu wa safari, njaa na woga wa mahali pageni vinapompata, viini huamka. Hayo ni mbali na chawa, utitiri, minyoo, na wale viroboto wanaong'ang'ania kuzunguka macho ya kuku kama mbegu nyeusi.

Kwa hiyo ukiweza kuchagua, nunua nyumbani kwa mtu kuliko sokoni. Nenda ukaone kuku wote alio nao, hata wale wasiouzwa. Uliza maswali mawili: mara ya mwisho kuku walikufa hapa lini, na walichanjwa lini? Mtu anayechanja hukumbuka. Kisha mshike kuku mwenyewe. Macho yawe makavu na angavu, puani pasiwe na ute. Msogeze sikioni usikilize pumzi, anayekoroma mrudishe. Papasa mfupa wa kifua: ukichoma kama kisu, huyo ana njaa ya siku nyingi au minyoo. Geuza manyoya chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya nyuma utafute chawa, na uangalie kama manyoya ya huko yamegandamana kwa kinyesi. Miguu yenye magamba yaliyoinuka ina wadudu ndani yake. Mtetea wa kutaga ana kilemba chekundu kichwani, na hana haya ya kukutazama.

Usinunue mmoja. Kuku mmoja akiingizwa katikati ya kumi, vichwa kumi vinamgeukia yeye peke yake. Watatu hugawana mapigo, tena hushikamana wao kwa wao hadi wazoee. Wawili ndio uchache wake. Aliyepewa mmoja na shangazi, basi amtafutie mwenzake.

Sasa wamefika. Kizuizi chao, yaani kutengwa na wenyeji, ni cha wiki tatu. Wataishi wapi hizo wiki tatu? Hapa watu wengi hukata tamaa, kwa sababu mashamba yetu si yale ya zamani. Ardhi hii ya Tongaren ilikuwa ya walowezi, ikagawiwa familia baada ya uhuru, na vizazi viwili baadaye kila mwana amekata kipande chake. Mtu mwenye nusu ekari anaambiwa ajenge banda la pili la wageni! Hana haja. Atazame stoo yake ya mahindi. Imejengwa kwa fito zinazopitisha hewa, imeinuliwa juu ya nguzo mbali na unyevu, ina mlango unaofungwa, na kuanzia kama Juni hadi mavuno ya Oktoba iko tupu nyumba nyingi. Ifagie vizuri, tandika maranda au nyasi kavu, ziba nyufa ambazo nguchiro anaweza kupenya, funga fito mbili za kulalia. Wiki tatu zikiisha, ondoa matandiko yote uyachome, osha sakafu kwa sabuni na uiache ipigwe na jua, maana mahindi ya chakula yatarudi humo. Kama stoo imejaa, jiko la zamani litafaa, au kizimba cha mbao nyuma ya nyumba, mradi kisiwe karibu na banda na upepo usivume kutoka kwa wageni kwenda kwa wenyeji. Hatua thelathini nazihesabu kuwa uchache.

Umbali huo hauna maana kama wewe mwenyewe unauvuka na uchafu. Lisha wenyeji kwanza, wageni baadaye, kila siku, na usirudi nyuma. Wageni wawe na kopo lao la maji na sahani yao. Gambuti zilizokanyaga kinyesi cha wageni zisikanyage banda la wenyeji. Weka pale mlangoni beseni la maji yenye dawa ya kuua viini, nayo ibadilishwe ikishachafuka. Nawa mikono kwa sabuni. Watoto waambiwe, kwa sababu wao ndio hukimbia kumshika mgeni na kisha kumbeba yule kifaranga wao mpendwa wa nyumbani.

Siku mbili za mwanzo waache wapumzike. Wape maji safi na chakula, basi. Siku ya tatu, wakiwa wazima, wape dawa ya minyoo na uwapake dawa ya chawa. Chanjo nayo ina hesabu yake. Wenyeji wachanjwe wiki mbili kabla ya wageni kufika, kama unajua siku, kwa maana kinga huhitaji kama wiki mbili kukomaa mwilini. Wageni wachanjwe wakiwa kizuizini. Huku kwetu ipo chanjo ya Avivax inayotengenezwa na KEVEVAPI, shirika la serikali la chanjo za mifugo. Wenzetu wa Tanzania wana ile ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingi, tone moja katika jicho la kuku. Chanjo nyingi za Newcastle lazima zikae kwenye baridi tangu dukani hadi kwa kuku, kwa hiyo nenda agroveti na chupa ya chai iliyowekwa barafu, na ukiona muuzaji anaitoa kwenye rafu inayopigwa na jua, ondoka. Ukiichanganya na maji ya kunywa, yasiwe maji yenye klorini. Wanyime kuku maji kwa muda kwanza ili wawe na kiu, na wayamalize ndani ya saa mbili. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wako, basi waiteni majirani mchange. Kuku wao wanapita ua wako kila siku hata hivyo.

Kumbuka pia kwamba chanjo haimponyi ambaye ameshabeba ugonjwa. Ukimchanja leo na kumwingiza bandani leo, umefanya kazi bure.

Wiki ya mwisho ya kizuizi mimi huongeza jambo moja. Namchukua mwenyeji mmoja, mara nyingi kipora ambaye alikuwa anangojea sufuria, namweka pamoja na wageni. Kama wageni wanabeba ugonjwa usioonekana, yeye ndiye atakayeugua, na nitakuwa nimepoteza mmoja badala ya wote. Akimaliza siku saba anawika, moyo wangu hutulia.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Bibi yangu, kukhu, aliitii methali hiyo neno kwa neno. Kuku mpya alifungwa kamba ya katani kwenye nguzo ya jikoni, akalishwa hapo mpaka akaijua sauti ya nyumba, ndipo akafunguliwa. Kukhu alihofia kuku kutoroka kurudi alikotoka. Bila kujua alikuwa pia anamtenga na wenzake siku kadhaa. Kamba yenyewe siipendi, kwa sababu huchubua mguu na kuku aliyefungwa hawezi kumkimbia anayempiga. Lakini mimi hufunga kitambaa kilicholegea mguuni mwa kila mgeni, nipate kumtambua kutoka mbali. Kitanisaidia katika sehemu inayofuata.

Sehemu hiyo ni ya ugomvi. Mwaka wa 1922 Mnorwei aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alianza kuwachunguza kuku akiwa bado mtoto, alichapisha alichokiona: katika kundi la kuku kila mmoja anajua ni nani anaweza kumdonoa na ni nani atakayemdonoa yeye. Mama yeyote wa Ndalu angeweza kumwambia kwamba yule mweusi hula kwanza. Ila yeye alionyesha kwamba ngazi hiyo ndiyo inayoleta amani. Ikishapangwa, jicho moja kali linatosha na hakuna damu. Mgeni anapoingia hana ngazi, kwa hiyo kila mwenyeji lazima apimane naye. Usishangae hata kuku wako mwenyewe, uliyemtenga wiki mbili tatu akiugua, anaporudi na kupigwa kama mgeni. Wamemsahau.

Basi waache wajuane kwa macho kabla ya midomo. Baada ya kizuizi, walete wageni karibu na wenyeji lakini kukiwa na wavu wa waya katikati, au ua wa fito unaopitisha macho na usiopitisha shingo. Mwaga chakula pande zote mbili za wavu, karibu nao, ili wale wakitazamana. Siku mbili za kwanza utaona shingo zikivimba manyoya na kuku wakirukiana kwenye waya. Kufikia siku ya saba wengi watakuwa wanakula bila hata kuinua kichwa. Hapo ndipo uondoe wavu, si kabla.

Wengi hushauri wageni waingizwe bandani usiku, wakati kuku haoni na hapigani. Ni kweli usiku hapigani. Lakini kuku hadanganyiki. Kukipambazuka anamwona mgeni pembeni yake ndani ya chumba kilichofungwa, na kama wewe bado umelala, mambo huanza bila wewe. Anayetumia njia hiyo aamke kabla ya jogoo na afungue mlango mapema. Mimi napendelea jioni, saa moja hivi kabla ya kuku kulala. Nawafungulia wote nje kwenye uwanja mpana, natawanya mtama na mahindi yaliyovunjwa mahali pengi, natundika kabichi moja kwenye kamba ili warukie. Njaa na kazi huwafanya wasahau ugomvi, na aliyeshindwa ana pa kukimbilia. Giza linapoingia wamechoka. Ndani ya banda nimeshahamisha fito za kulalia, zikakaa upande mwingine, na nimeegemeza ubao mmoja au miwili ukutani mgeni ajifiche nyuma yake. Mahali pakibadilika, hata mwenyeji hana kiti chake cha jana cha kupigania.

Vyombo viongezwe. Kama mlikuwa na sahani moja ya chakula na kopo moja la maji, viwe vitatu vitatu, tena visionekane vyote kutoka mahali pamoja, maana mkubwa mmoja aweza kukalia vyombo viwili vilivyo jirani na kuwashindisha wenzake njaa. Fito za kulalia zitoshe, kama sentimita ishirini kwa kila kuku. Banda lililobanana huzaa ugomvi hata bila mgeni.

Kwa sababu hiyohiyo, msifanye kazi hii Machi na Aprili. Huku kwetu ndiyo miezi ya kupanda mahindi, na kuku wote hufungiwa ili wasifukue mbegu. Aliyefungiwa siku nzima tayari ana hasira, na mgeni hana pa kukimbilia. Mimi nimeona Julai na Agosti zikifaa zaidi: stoo iko tupu, mahindi yamesimama shambani, na ule upepo wa kiangazi haujaanza. Baridi ya usiku ni kali, basi tandiko liwe nene.

Utatofautishaje ugomvi wa kawaida na wa hatari? Kuvimba shingo, kudonoa kichwani mara moja mbili, kukimbiza hatua tano kisha kurudi kula, hayo yaache. Usiingilie kila mara, utawarudisha mwanzo. Siku tatu nne za mwanzo ndizo ngumu, na wiki mbili zikipita mara nyingi pametulia. Hapo ndipo kile kitambaa kinapofanya kazi: kitafute kila asubuhi. Mgeni asiyeshuka kutoka kwenye fito, anayeficha kichwa pembeni, au ambaye jioni mfuko wake wa chakula shingoni uko mtupu, huyo hali, na atakufa kwa njaa ndani ya banda lenye chakula. Ukiona damu, mtoe saa hiyohiyo. Kuku wakiona chekundu hawaachi kudonoa, hata wale wapole. Osha kidonda kwa maji ya chumvi, kipake dawa ya zambarau ifiche wekundu, na umrudishe kikikauka.

Na kama mchokozi ni mmoja tu, mtoe yeye, usimtoe mwathiriwa. Mfungie mchokozi peke yake siku nne tano mahali asipowaona wenzake. Atakaporudi, ngazi itakuwa imepangwa bila yeye, naye ndiye atakayetafuta nafasi. Nimeona mtetea mkali wa miaka mitatu akirudi mpole hivi.

Ukubwa ulingane. Tembe wa wiki kumi usimtie kati ya kuku wazee hata akiwa mchangamfu. Ngoja afike wiki kumi na sita au zaidi. Chakula nacho: chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi ambayo huumiza figo za kuku asiyeanza kutaga. Wakichanganyika kabla wote hawajaanza, wape wote chakula cha wanaokua, na chokaa au maganda ya mayai yaliyosagwa yawe kwenye chombo cha pembeni. Anayetaga atajiendea. Mayai yakipungua wiki moja au mbili, ya wageni na hata ya wenyeji, usimuuze kuku. Ni mwili unajizoesha.

Jogoo ni habari nyingine. Jogoo wa nyumbani huwapokea mitetea wageni upesi, na mara nyingi huingia katikati ya wanaopigana. Lakini jogoo wawili wazima waliokutana ukubwani hawapatani katika uwanja mdogo. Watu huleta jogoo mpya ili kubadilisha damu, na ni jambo jema, kwa maana vifaranga wa baba na binti hudhoofika. Basi wa zamani auzwe kabla mpya hajatoka kizuizini. Ukileta jogoo mzito kama Kuroiler kwa mitetea wadogo wa kienyeji, angalia migongo yao. Uzito wake na kucha zake huwachana, na manyoya yakishang'oka wenzao huanza kuwadonoa hapo.

Usiku ukiingia, kama wiki ya tatu baada ya kuondoa wavu, chukua tochi uende bandani taratibu. Wageni wanaolala sakafuni au mwisho kabisa wa fito, wamejitenga na wengine kwa nafasi ya mkono, bado hawajapokelewa. Ongeza sahani, ongeza subira, rudi baada ya siku chache. Ukimkuta yule wa kitambaa ameketi katikati, mwenyeji kulia na mwenyeji kushoto, manyoya yao yamegusana kwa sababu ya baridi, toka polepole ukalete mkasi. Kitambaa chake kinaweza kukatwa usiku huohuo akiwa amelala.